Rangi ya Waridi ya Prof Évariste

Miaka miwili ya kwanza ya kazi yake, Prof Évariste alikuwa na maabara ya kweli pale shuleni Kabondo: mizani, chupa, neli za kioo. Kisha vikaja vile vita vya siku sita, majeshi mawili ya kigeni yakipigana mjini. Aliporudi alikuta mlango umeng'olewa na vioo vimetapakaa sakafuni. Tangu hapo, miaka ishirini na nne, alifundisha kemia kwa chaki nyeupe na daftari moja.

Basi zilipoletwa kompyuta kumi na mbili, zawadi ya wafadhili wa ng'ambo, zikiwa na maabara ndani yake, mzee alipagawa. Walimwonyesha mara moja tu. Unachanganya asidi na besi kwenye kioo cha mashine, tone kwa tone, mpaka maji yanageuka ghafla kuwa ya waridi, rose kwa Kifaransa. Évariste alitokwa na machozi mbele ya wageni, wala hakuona haya.

Kesho yake aliwaambia wanafunzi wa mwaka wa sita.

"Prof," akauliza Benie, binti wa muuza sombe, yale majani ya muhogo, aliyekaa dawati la mbele, akigonga daftari lake, "ile rose iko ya kweli, ao iko ya mu kayé tu?"

"Mbele ya Exetat mutaiona na macho yenu," akasema, yaani kabla ya mtihani wa serikali. "Ninawaahidi."

Lakini préfet Arsène, mkuu wa shule, alisema hakuna kugusa kitu kabla ya uzinduzi. Mkubwa kutoka mkoani lazima aje akate utepe. Utadhani Évariste aligomba? Wapi! Yeye ndiye aliyekubali wa kwanza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alizirudisha mashine kwenye plastiki zake kwa mikono yake mwenyewe, akazifungia katika kabati la chuma, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari.

"Bon, zilale kwanza," alisema. "Watu wataiba."

Mkubwa akaahirisha. Oktoba alikuwa safarini Kinshasa, Januari alikuwa mgonjwa, Machi hakusema hata sababu. Kila Jumatatu Benie aliuliza, "Prof, leo?" na kila Jumatatu akajibiwa, "Bado, mama." Jumamosi Évariste alifungua kabati, akafuta vumbi juu ya plastiki, akafunga tena. Alijiona mlinzi hodari.

Mkubwa alifika mwezi wa sita, Alhamisi, na mtihani wa serikali ulikuwa Jumatatu. Fanfare ya tarumbeta ikapigwa, utepe ukakatwa, jenereta ikanguruma. Évariste aliwasha mashine ya kwanza, na Benie amesimama ubavuni pake. Kukatokea maandishi ya Kifaransa: ruhusa ya kutumia maabara ilikuwa ya miezi minane tangu mashine zilipowashwa mara ya kwanza, nayo imekwisha. Aliyasoma mara tatu. Akawasha ya pili, na ya tatu. Zote zilisema neno moja.

"Kuko nini?" mkubwa akauliza.

"Iko inaanza, Excellence," préfet akadakia. "Tupige kwanza photo."

Wakapiga picha, kisha wakaenda kula kuku. Évariste akabaki na Benie mbele ya mashine. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Si préfet, si mugeni," alisema. "Nilifunga mimi. Mimi mwenyewe, na mikono yangu."

"Haina neno, Prof. Tulishazoea."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Neno lile alilirudia moyoni wiki nzima. Wanafunzi wanaozoea kunyimwa, nani aliyewafundisha kama si yeye?

Benie alifaulu, maana kukariri alijua. Mwezi wa kumi alikuja kumsalimu nyumbani. Pharmacie, masomo ya ufamasia aliyoyatamani, ilikuwa ghali mno kwao, kwa hiyo ameingia chuo cha ualimu. Atasomea kufundisha kemia.

"Prof, ninaomba ile kayé yako. Itanisaidia."

Évariste hakujua acheke au alie. Alikwenda chumbani, akalileta lile daftari, jalada limeshonwa kwa uzi, akampa kwa mikono miwili. Benie alilifungua palepale, akatafuta ukurasa wa asidi na besi. Neno "rose" lilikuwapo, limepigiwa mstari mara mbili, kwa wino wa bluu.