Siku Inspekta Alipogeuka Alumini

Ndiyo, ni mimi, yule mwalimu wa kemia wa Kalemie aliyemwangusha inspekta darasani, na mnaweza kucheka mpaka mchoke, kwa sababu hata waendesha pikipiki wa huku kwetu wameshacheka. Aibu niliipata, siikatai. Majuto ndiyo sina.

Inspekta alikuja kuamua kama nibaki na kemia au apewe mwanamume ambaye Prefe, mkuu wetu wa shule, alikuwa ameshamchagua (eti mwanamke atulie na botania). Mimi chumvi nazifundisha kwa mikono ya wanafunzi: sodiamu ana mkono mmoja, kloridi mmoja, wanashikana, hiyo ndiyo chumvi ya kutilia samaki, kalsiamu ana miwili, kwa hiyo anashika kloridi wawili, na hakuna ruhusa kuachia mpaka mimi niseme. Tukafika kwa alumini, mwenye mitatu, na binadamu wa mikono mitatu sina, nikatazama huku na huku, nikaiona kravati ya inspekta, ile tai ya shingoni: mkono wa tatu huo!

"Papa Inspekta, njoo utusaidiye."

Akaja, tena anatabasamu, maskini. Wasichana wawili wakamshika mikono, wa tatu kravati, nami nageukia ubao kuandika AlCl₃, mara mlango huo, Prefe huyo! Sasa kwetu Prefe akiingia kila mwanafunzi awe amesimama kwenye benchi lake, la sivyo atafagia uwanja, basi wale wasichana, kloridi wangu, wakakimbia, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyeachia.

Inspekta akaanguka kwa magoti katikati ya mabenchi, macho yamemtoka.

"Muachiliye Papa!" nikapiga kelele.

"Mama, ulisema tusiachiliye!" akalia yule wa kravati.

Prefe akauliza, "Mama, hii njo masomo ao njo muchezo?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini hasira ikatangulia. "Njo masomo. Uliza mwanafunzi mwenye unataka."

Inspekta, huku akikohoa, akamnyooshea kidole msichana wa nyuma kabisa: salfeti ya alumini inashikanaje? (Salfeti ana mikono miwili.) Mtoto akafumba macho, akapapasa hewani kama anayeshikanisha watu. "Alumini wawili, salfeti watatu."

Sahihi! Inspekta akaandika nibaki na kemia. Hata hivyo Prefe alinitaka niombe radhi mbele ya bendera, nikaomba, kwa ajili ya kravati tu, kwa sauti ya kusikika mpaka bandarini. Naapa sitamkamata tena mgeni shingoni. Lakini darasa langu litaendelea kushikana mikono, na Prefe akitaka kemia ya kimya, aifundishe mwenyewe.