Nunua Kwanza cha Kukusimamisha

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, nayo ni ile asubuhi niliyoinama chini ya kitanda nikakuta slipa zangu hazipo. Usicheke. Najua bibi akianza mazungumzo kwa slipa mtu hudhani uzee umemfika kichwani. Nipe muda, nitafika.

Jana baba yako alinipigia simu akaniambia mbuzi wako wa kitovu wameuzwa, na pesa hizo ni za nguo zako za chuo. Akaniambia pia umeshamtumia picha ya abaya yenye vijiwe vinavyometameta mabegani. Wallahi nilicheka peke yangu jikoni mpaka chai ikafurika. Sikukucheka wewe, nilijicheka mimi. Unajua desturi yetu: mtoto akizaliwa hutengewa mnyama jike, na wazao wote wa mnyama huyo ni mali ya mtoto. Kwa hiyo pesa hizo zimekua pamoja nawe, zimekunywa maji ya kisima kimoja nawe. Mimi pia niliingia chuo cha ualimu hapa Garissa kwa mbuzi wa kitovu changu, na najua pesa za namna hiyo zinavyowasha mkononi.

Nilitoka kwetu Bura nikiwa msichana mwembamba, maringo mengi kuliko nyama. Mama alinisindikiza mpaka kwenye gari akaniambia, ukifika sokoni anza na miguu, viatu vizuri vya ngozi, kisha gauni la pamba la kila siku, mengine yatajileta. Nikaitikia vizuri sana. Kuitikia hakujanishinda mpaka leo.

Sokoni nikaiona abaya. Nyeusi, laini, imening'inizwa juu kabisa, na mikono yake imebana, ina vifungo vidogo vidogo kutoka kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono. Muuzaji, mwanamke mwenye ulimi wa asali, akaniambia wasichana wa Nairobi ndiyo wanayovaa sasa. Basi mbuzi wangu karibu wote wakaishia hapo. Kilichobaki kilitosha sabuni na mafuta ya nywele. Viatu nikasema nitaona mbele, si ninazo slipa?

Mwanangu, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ile abaya ilikuwa ya nailoni, na jua la Garissa unalijua, halina huruma kwa nailoni. Nilitota jasho kabla sijavuka uwanja wa chuo. Kisha adhana ya adhuhuri ikaita. Wenzangu wakakunja mikono yao, wakatawadha, wakaenda kuswali, mimi niko bombani nahangaika na vifungo kimoja baada ya kingine. Nikimaliza mkono wa kulia, swala imeshaanza. Rukia, niliyelala naye chumba kimoja, akawa ananiita Bibi Vifungo, na jina likaenea bweni zima. Nikaitundika abaya msumarini, ndani ya mfuko wake wa plastiki, nikarudi kwenye dera langu kuukuu nililokuja nalo.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha tu. Yasiyochekesha yalikuja tulipopelekwa kufundisha kwa mazoezi. Mimi nilipangiwa shule iliyo nje ya mji, na njia ya kwenda huko ilipita katikati ya vichaka vya mathenge. Unaujua mwiba wa mathenge. Mama alisema nianze na miguu, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, lilichomwa. Mwiba ulipita kwenye slipa kama inavyopita sindano kwenye kitambaa, ukavunjikia ndani ya wayo. Baada ya siku chache mguu ulikuwa umevimba, sina hata uwezo wa kuukanyaga.

Sasa sikiliza nilichokuwa karibu kukipoteza. Mkaguzi alikuwa aje wiki hiyo kunitazama nikifundisha. Asiponikuta mbele ya darasa, ningerudia mwaka. Na ami yangu mkubwa, ndugu wa baba, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli nyumbani tangu baba afariki, alishasema wazi kwamba nikirudi kabla ya kumaliza sitatoka tena, kuna mtu amenichumbia tayari. Nilijaribu kuvaa viatu vya Rukia. Mguu mzima ulikataa kuingia, sembuse huo uliovimba. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, na kiatu cha kuazima ndiyo kabisa. Nikajilaza nikalia.

Mfanyabiashara wa mifugo aliyetujua akapeleka habari Bura. Mama akaja juu ya lori la mbuzi, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, ameshika chombo cha maziwa ambacho hakikumwagika hata tone. Alichemsha maji ya chumvi, akaukanda mguu, akaminya mpaka kipande cha mwiba kikatoka, akapaka samli ya moto, akaufunga kwa kitambaa alichochana kutoka kwenye shuka yake mwenyewe.

Alipomaliza akainua macho akaiona abaya msumarini. Akanawa mikono, akaishika ncha kwa vidole viwili, akaisifu. Nzuri, akasema, nzuri sana. Kisha akavitazama vile vifungo kwa muda akaniuliza nikitaka kutawadha nafanyaje. Nikacheka, na kicheko kikageuka kilio, nikamwambia yote: muuzaji, Nairobi, Bibi Vifungo. Nilingoja anigombeze. Ningefurahi angenigombeza. Badala yake alichungulia chini ya kitanda, akazitoa slipa zangu, akaingiza kidole kwenye tundu lililotobolewa na mwiba.

Kwetu mama humwita mwanawe kwa jina lile lile mtoto analomwitia yeye, hooyo, yaani mama. Basi akaniambia: "Hooyo, nguo huonekana mtu akiwa amesimama. Nunua kwanza cha kukusimamisha."

Tukanywa maziwa, tukaongea habari za mvua na za ngamia aliyezaa kwa ami, tukalala kitanda kimoja. Alfajiri niliposhtuka alikuwa ameshaondoka kuliwahi lori. Nikainama kutafuta slipa zangu. Hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na akala za mama, vile viatu vya tairi wanavyovaa wachungaji, vimefutwa vumbi, vimepangwa sawasawa. Miguu yetu ilikuwa ya kipimo kimoja.

Nilikaa pale sakafuni, akala nimezikumbatia. Nilijua lori humshusha mtu barabarani tu, na kutoka barabarani hadi nyumbani kwetu ni nusu siku ya vichaka. Nilijua pia kwamba tundu la zile slipa lilipitisha kidole kizima. Nilitaka kumkimbilia. Kwa mguu upi?

Siku ya mkaguzi nilivaa dera langu la pamba lililopauka, nikajifunga hijabu safi, nikatia akala miguuni. Nilichechemea, lakini tairi halimjui mathenge. Watoto wa darasa wakanitazama miguu. Nilijua watacheka. Hawakucheka, maana karibu wote walikuwa wamevaa hizo hizo, na kuna binti aliyekuwa akificha miguu yake chini ya dawati kila siku ambaye siku hiyo aliinyoosha. Mkaguzi naye aliziona. Akatazama akala, akanitazama usoni, akaniambia niendelee. Nikaendelea, nikafaulu, na ile habari ya ami yangu ya uchumba ikaishia hapo.

Abaya niliiuza kwa msichana aliyekuwa na harusi ya dada yake, mtu asiyekuwa na safari ya mbali siku hiyo. Likizo ilipofika nikaenda nyumbani na viatu vya ngozi nilivyomnunulia mama. Alivivaa, akazunguka navyo kibanda, akasema sasa mbuzi hawatamtambua. Nikamuuliza alifikaje siku ile. Akasema alifika. Slipa zangu zilikuwa zimechomekwa juu kwenye matawi ya paa, na kila nilipozitazama alihamisha mazungumzo.

Miaka mingi ilipita. Siku Mungu alipomchukua mama, mimi na wanawake wawili wa ukoo ndio tuliomuosha. Nilipofika kwenye miguu nikazishika nyayo zake mikononi, na pale chini palikuwa na makovu ya miiba. Huenda mengine yalikuwa ya mbuzi tu, mchungaji hakosi kovu. Lakini mimi niliyahesabu yote kuwa yangu, nikayaosha taratibu, na wenzangu wakaningoja.

Basi haya ndiyo ninayotaka kukuambia kabla hujaingia sokoni. Weka pesa zako kwenye kile kinachogusa ardhi na kile kinachogusa ngozi yako kila siku: viatu vya kukufikisha darasani, na dera au mawili ya pamba yanayovumilia jua na sabuni. Usione haya kuingia kwenye mitumba, bora upindue mshono uukague. Mkono wa nguo uujaribu kuukunja palepale dukani, hata muuzaji akikushangaa. Kitu cha kung'aa kinunue mwisho kwa kile kitakachobaki, na kama hakikubaki kitu, harusi zipo kila mwaka. Sikukatazi kupendeza. Mimi mwenyewe mpaka leo napenda kupendeza, muulize baba yako. Ila mwanangu, kabla hujalipa, jiulize: nikikosea hapa, ni nani atakayevua chake anipe? Maana yupo, naye hatakuambia alifikaje nyumbani.

Nenda salama, hooyo. Mungu akuwekee njia isiyo na mwiba, na ukiukanyaga akupe mkono wa kuutoa. Akusitiri kwa nguo, akusitiri zaidi kwa haya na elimu. Mbuzi wako wa kitovu wasiwe wameuzwa bure, na miguu yako ikirudi kwetu irudi mizima, niione kwa macho yangu. Amin.