Game ilikubali Linux hadi ikafanya update, ndugu yangu akaitwa mwizi

Wakuu, salamu kutoka Tseikuru. Nitaandika vile ilitokea, hata pale mimi mwenyewe nilikosea. Mnivumilie, bado nina hasira.

Mimi ni mwalimu wa Physics, mwanamke, na nacheza game tangu campus. Wale wa kushangaa, shangaeni haraka tuendelee.

Ndugu yangu mdogo, Mutua, anaishi kwetu Mbumbuni. Mwaka jana alianguka kutoka kwa paa akipigilia mabati, nyonga ikavunjika. Daktari akasema alale chali, miezi.

Mtu wa kulala chali hawezi kutumia laptop. Ndio nikamnunulia handheld, ile console ya kushika mkononi, second-hand, inatumia Linux badala ya Windows. Kabla ninunue niliangalia list ya compatibility mtandaoni, ile ya kuonyesha game gani zinakubali Linux. Game yake ya kupigana kwa timu ilikuwa imeandikwa inacheza bila shida.

Nikamwambia, "Hii itacheza, niamini."

Na ikacheza! Kila saa kumi jioni alikuwa online na wenzake watatu, watu hawajawahi kuonana uso kwa uso. Mutua ndiye captain. Mama alikuwa anacheka peke yake jikoni akimsikia akitoa amri kutoka kitandani.

Halafu ikaja update.

Wenye game waliweka anti-cheat mpya, ile program ya kukamata watu wanaoiba kwa game. Haielewi Linux. Badala ya kukataa tu kufunguka, ikamhesabu Mutua kama mwizi. Account ikafungwa katikati ya mechi, na kila mtu akaona jina lake: ameondolewa kwa kucheat.

Damu ilinichemka. Mtu hawezi hata kujigeuza kitandani bila kushikwa, anaitwa mwizi na software!

Nikaandikia support. Jibu likaja kwa dakika moja, la roboti: uamuzi ni wa mwisho. Nikaandika tena. Jibu lile lile, hata koma haikusonga.

Weekend nikasafiri hadi Mbumbuni, na mnajua huo umbali. Nikaweka Windows kwa hiyo handheld. Sauti ikapotea, mashine ikawa moto kama pasi. Na bado haikusaidia, kwa sababu ban ni ya account, si ya mashine. Nikarudisha Linux. Kwa hivyo usiniandikie hapa "si ungeweka Windows tu." Tafadhali.

Wenzake nao walikuwa wamemtoa kwa group yao ya WhatsApp. Mmoja alimwandikia, "Kumbe mechi zote ulikuwa unatuibia." Mutua alinionyesha tu.

Hapo nikakosea. Nikachukua namba ya huyo jamaa nikamwandikia kila kitu: Linux, paa, nyonga. Nikatuma na picha ya Mutua amelala. Sikumuuliza.

Saa moja haikuisha wakamrudisha. Pole nyingi, emoji za maombi, "get well soon captain."

Mutua akasoma zote, akaweka simu kifuani.

"Sista, nani alikutuma?"

"Si walikuwa wanakuita mwizi!"

"Hiyo ya mwizi ningejitetea mwenyewe. Hao watatu ndio watu pekee hawakuwa wananionea huruma. Sasa hata huko mimi ni mgonjwa."

Akatoka kwa group.

Wiki tatu baadaye account ikafunguliwa. Email ya mistari miwili. Hakuna sorry, hakuna sababu. Na game yenyewe imeanza kukataa kufunguka kwa Linux! Sasa account ni ya nini?

Siku hizi anacheza zile za offline, peke yake. Zinafanya kazi vizuri kabisa. Nikipiga simu, Mama ndiye anashika, ananiambia Mutua amelala. Nasikia game ikilia nyuma yake.

Nilichojifunza: hiyo list inakwambia game inacheza leo, kesho haikuahidi. Kama game ni ya online na ina anti-cheat, usimwambie mtu "niamini" kama mimi. Na ugonjwa wa mtu ni habari yake, hata kama unamtetea.

Mwenye alishapigwa ban kwa kutumia Linux tu, andika hapa ulifanya nini, tupige kelele pamoja.

Na kama umewahi kumuumiza ndugu yako ukidhani unampigania, niambie ulianzaje kuomba msamaha. Hilo ndilo jibu nangoja zaidi.