Kilio Alichokosa Adrienne

Adrienne hakuzaliwa mwoga. Mtu aliyetoka Butembo kwa miguu wakati wa vita, akavuka mpaka na mdogo wake akimbeba mgongoni kila alipochoka, akauza maandazi Kampala mpaka shirika la wakimbizi likampeleka kwenye nchi ya Waswidi, ambayo jua lake hulala mchana, mtu huyo humwiti mwoga. Katika jiko la shule moja kule Farsta, alikokuwa akipika viazi na vinyama vya mviringo kwa ajili ya watoto wa watu, wenzake ndio waliomwogopa yeye. Aliyegusa sufuria zake bila kuuliza alikiona cha mtema kuni.

Jambo moja tu hakumsimulia mtu. Mama yao alifia njiani, na wao walimwacha kando ya barabara, wamemfunika kitenge, kwa sababu risasi hazingoji mazishi. Aliyeamua kumwacha ni Adrienne. Dieumerci, mdogo wake, alikuwa mtoto wakati huo, lakini aliona.

Tangu Septemba ya mwaka 2009, mwanamke huyu alianza kuogopa simu. Ikilia akiwa kwenye treni, alishuka kituo kisichokuwa chake. Ikilia nyumbani Bredäng, aliitazama mpaka binti yake Victoire akachoka: "Mamma, svara då!" yaani, Mama, pokea basi! Na yeye hajibu. Namba zilizoanza na tarakimu za India zilimtoa jasho hata theluji ikianguka.

Dieumerci alibaki Kampala kwa mjomba, akasoma huko, kisha akapata nafasi ya chuo Bangalore, maana masomo ya India yalikuwa nafuu na vijana wengi wa Kongo walikuwa wakienda. Adrienne akajisifu kanisani. Akajisifu mpaka akamshawishi mama mmoja wa Burundi, Emérithe wa Spånga, ampeleke na mwanawe Roméo palepale. "Watalindana, Mama Roméo," alimwambia. "Wapange nyumba moja, wapike chungu kimoja."

Wakapanga nyumba moja. Wakapika chungu kimoja. Na siku moja ya Septemba, Dieumerci alimpiga Roméo kichwani kwa mchi wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, pigo moja tu, na Roméo hakuamka tena.

"Yaya, dada yangu, sikutaka," alilia Dieumerci kwenye simu, siku ya kwanza polisi walipomruhusu kupiga. "Yaya, nilikuwa natwanga tu."

Sasa, watu wa Burundi na wa Kongo ya mashariki wana jambo lao moja, na hawahitaji wakili kuwafundisha. Ndugu yako akiua mtu, unakwenda kwenye kilio. Unakwenda siku ileile, mikono mitupu, unakaa chini, unalia. Hutoi maelezo. Usipokwenda, umekwisha kusema neno kubwa kuliko yote.

Adrienne hakwenda kwa Emérithe. Hakukosa moyo, ila wakili wa Dieumerci kule Bangalore alimkataza. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekwisha kuvaa vitenge, wanamngoja kituoni, naye akawapigia kuwaambia anaumwa. Wakaenda bila yeye. Jumapili iliyofuata, kwenye benchi lake la kanisani, hakuna aliyekaa karibu naye.

Kuhusu wakili huyo, alizungumza Kiingereza cha haraka, naye Adrienne alikuwa na Kifaransa, Kiswidi na Kiswahili. Kwa hiyo walimsikiliza jikoni Farsta wakati wa mapumziko, simu ikiwa mezani kati ya maganda ya viazi, na Kasiani, Mtanzania waliyefanya naye kazi, akifasiri.

"Dada Adrienne, anasema hivi. Sheria ya kule ina milango miwili. Mauaji yote ni kuua kwa hatia, lakini si kila kuua kwa hatia ni mauaji."

"Mtu amekufa, Kasiani. Milango miwili ya nini?"

"Subiri. Kama alikusudia kuua, au alikusudia jeraha ambalo kwa kawaida linatosha kuua, hayo ni mauaji. Hapo ni..." Kasiani akasita. "Ni kunyongwa, dada, au kifungo cha maisha. Lakini kama ugomvi ulizuka ghafla, hakupanga, hakufanya ukatili, au alichokozwa vibaya mpaka akashindwa kujizuia, basi ni kuua kwa hatia tu. Atafungwa, ila atatoka."

Adrienne aliishikilia meza. Alitaka kusikia neno moja tu katika maneno yote hayo, na neno hilo lilikuwa atatoka.

Wakili akaendelea, Kasiani akaendelea. Tatizo ni mchi. Upande wa mashtaka ulidai kwamba vijana waligombana sebuleni, Dieumerci akaenda jikoni, akauchukua mchi nyuma ya mlango, akarudi nao. Katika kwenda na kurudi, walisema, hasira ilipata nafasi ya kupoa na nia ikapata nafasi ya kukomaa. Dieumerci alisema mchi ulikuwa tayari mkononi. Nyumbani walikuwa wawili tu, na mmoja amezikwa.

"Ila kuna simu," alifasiri Kasiani, sauti ikishuka. "Roméo alikuwa anaongea na mama yake. Mama alikuwa hewani. Wakili anasema mama huyo amekataa kuongea na mtu yeyote, wa upande wa mashtaka wala wetu. Alichosikia ndicho kitakachoamua."

"Alisikia nini?"

Kasiani akauliza. Kutoka Bangalore, wakili alisema hajui. Kisha akasema jambo kwa ukali, mara mbili.

"Anakuonya tena usiende kwa mama huyo. Upande wa mashtaka ukisema umekwenda kumshawishi shahidi, tumekwisha."

Basi hofu ya Adrienne ikapata anwani. Iliishi Spånga, kwenye jengo la ghorofa karibu na kituo cha treni, ndani ya sikio la mwanamke mmoja. Alisikia nini? Kama alisikia miguu ikienda na kurudi? Kama alisikia Dieumerci akitisha? Adrienne alitia chumvi mara mbili kwenye chakula, watoto wakasukuma sahani. Ibadani alipoona koti jeusi la Emérithe mlangoni, alitokea mlango wa nyuma kama mwizi. Na kanisani minong'ono ilikuwa imekwisha kukata kesi. Walisema ndugu wale walipanga. Mbona hata kwenye kilio hawakuja?

Majira ya baridi ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Treni zilikwama, watu wakaganda vituoni wakilaani. Jumamosi moja ya Februari Adrienne alimwambia Victoire anakwenda sokoni. Akashuka Centralen, kituo kikuu, akabadilisha treni, akaenda Spånga. Njia nzima aliomba treni ikwame. Treni zilizokwama wiki nzima, siku hiyo zikaenda kama zimelipwa.

Alibonyeza kengele akiwa hana hakika kama anamwokoa Dieumerci au anamwekea kitanzi.

Emérithe alifungua. Alikuwa amekonda, kichwa amekifunga kitambaa cheupe. Hakusema karibu, wala hakufunga mlango. Adrienne akavua viatu, akaingia, akaona godoro la kilio bado lipo chini sebuleni, miezi yote hiyo, na picha ya Roméo ukutani juu yake. Akakaa chini kwenye pembe ya godoro, akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha kwao, kilio kilichokuwa kimemkaa kooni tangu Septemba, na jirani yeyote Mswidi aliyesikia alistahimili.

"Damu ya mtoto wako iko kwetu, Mama Roméo," alisema alipoweza. "Sikuja kuomba kitu."

Ulikuwa uongo? Nusu yake, ndiyo. Alitaka ushahidi wa Emérithe kuliko pumzi. Lakini kilio kilikuwa cha kweli.

"Umechelewa, Mama Victoire."

"Nimechelewa. Nisamehe."

"Walikukataza?"

"Walinikataza."

Emérithe alikaa kwenye kiti, juu yake. "Kwetu, mtu akiua kwa bahati mbaya, ndugu zake ndio wanatangulia kufika. Wanaojificha ni wale walipanga. Mimi nilikungoja. Mlango ukigongwa, nasema ni yeye. Kumbe ni wengine. Nikasema basi, ni kweli, walimuua kwa kusudi. Nikafunga mdomo. Nikasema acha anyongwe."

Adrienne alibaki palepale kwenye pembe ya godoro. Katika kilio hutoi maelezo.

Emérithe akainuka. "Njoo."

Jikoni kulikuwa na kinu cha mti, na mfuko wa majani ya muhogo mazima, yale yanayoletwa na watu kutoka Brussels. Emérithe aliyamwaga ndani ya kinu, akamkabidhi mchi.

"Twanga."

Adrienne aliutazama mchi kama mtu aliyepewa nyoka ashike. Akatwanga. Emérithe akatoka, akasimama kwenye korido, akawapa mgongo kinu na mtwangaji, simu yake sikioni. Hakukuwa na mtu kwenye simu hiyo. Alisimama hivyo kitambo kirefu, akisikiliza. Chini yao jirani akagonga bomba kulalamikia kelele. Hakuna aliyejali.

Kisha akarudi, akasimama ng'ambo ya kinu.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Ilikuwa hivihivi. Roméo ananieleza habari ya mtihani, na nyuma yake nasikia mchi: tu, tu, tu. Wakaanza kutaniana juu ya chumvi. Mchi haukunyamaza. Wakaanza kugombana. Mchi haukunyamaza. Usinyamaze na wewe, twanga."

Adrienne alitwanga. Machozi yalimwingia mdomoni. Mchi haukunyamaza! Basi hakwenda kuuchukua popote. Mdogo wake alisema kweli.

"Halafu mwanangu alisema neno."

"Neno gani?"

"Twanga." Emérithe alimkazia macho. Sauti yake ikabadilika, ikawa nyepesi, ya dharau, sauti ya kijana anayejua mahali pa kuchoma. "Alimwambia: Wewe ambaye mama yako aliliwa na mbwa barabarani, hata kaburi hana, wewe ndio utanifundisha kupika?"

Hakukuwa na jiko. Hakukuwa na Spånga wala Emérithe wala kesi. Kulikuwa na kitenge cha bluu kando ya barabara, upepo umefunua pembe moja, na yeye, Adrienne, anavuta mtoto kwa mkono asigeuke. Aliporudiwa na macho, mchi ulikuwa juu. Ulikuwa juu kabisa, mikono yote miwili imeushika, na chini yake palikuwa na uso wa mwanamke aliyefunga kitambaa cheupe. Uso huo haukurudi nyuma.

Mchi ulianguka sakafuni. Adrienne aliruka hadi ukutani, mbali na mikono yake mwenyewe, na hajawahi kuogopa kitu, hata risasi, kama alivyoiogopa mikono ile.

"Ulipanga?" aliuliza Emérithe.

"Sikujua. Mama Roméo, mimi sikujua kama nimeuinua."

"Najua. Nimekuona."

Wakakaa wote wawili kwenye sakafu ya jiko, majani yamemwagika kati yao. Baadaye Emérithe akasema, polepole, "Si hasira tu ilinifunga mdomo. Kila mama anaweka neno la mwisho la mtoto wake. Langu ni hilo. Mtoto niliyemlea kwa Neno la Mungu, na neno lake la mwisho ni tusi kwa marehemu mama wa mwenzake. Nikilisema kwa hakimu, litaandikwa, litabaki kuliko yeye." Akafuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Na huyo ni mama yako pia. Umsamehe Roméo."

Yeye, mfiwa, ndiye aliyeomba msamaha. Adrienne akasogea, akamshika mguu.

Emérithe aliulizwa na mahakama kwa njia ya video. Alitangulia kueleza kwamba dada wa mshtakiwa alikuja kwake, kwamba alikuja kulia na hakumwomba neno, na wakili alipolisikia hilo kule Bangalore alifunga macho. Kisha Emérithe akaeleza habari ya mchi. Kisha akalisema lile neno, lote, bila kulipunguza, na mkalimani akalifasiri. Mwaka uliofuata hukumu ikatoka: kuua kwa hatia, si mauaji. Dieumerci akapewa miaka saba.

Kasiani alipiga vigelegele mle jikoni Farsta, sufuria zikaitika. Adrienne hakupiga. Jioni ile alikwenda Spånga kupeleka habari, ingawa Emérithe alikuwa nazo tayari. Akina mama wa kanisa walikuwepo, na mmoja wao alikuwa akisema kwamba sasa, kesi ikiwa imekwisha, ni wakati wa kuondoa matanga. Alikuwa amekwisha kushika ncha ya godoro.

"Liache," alisema Emérithe.

"Lakini Mama Roméo, miaka inaenda."

"Liache hapo." Akamgeukia Adrienne. "Mwambie mdogo wako: siku akitoka, asije kwako kwanza. Aje hapa. Hajalia bado."

Siku hizi simu ya India ikilia, Adrienne anaipokea kabla haijalia mara ya pili. Anachoogopa sasa ni kengele ya mlango ule wa Spånga, siku atakapoibonyeza na Dieumerci akiwa amesimama kando yake. Godoro bado lipo chini.