Mashine Yangu ya Solda Imezima Katikati ya Maombi

Watu wangu, leo mashine yangu mpya ya solda imezima mama akiiombea!

Miaka sita nimetengeneza redio hapa sokoni Kitale na chuma cha kupasha kwa jiko. Leo nikafungua boksi: kishikio chepesi, ncha tano, kioo cha kuonyesha joto. Nikawasha. Moto safi!

Lakini kwetu kitu kipya hakitumiki bila maombi. Mama ametoka Bungoma kwa hiyo kazi tu. Akaiwekea mkono, akaombea mpaka waya.

Tukafungua macho. Kioo ni giza!

Barasa, jirani yangu fundi wa viatu, akacheka. "Si nilikuambia umeuziwa ganda?"

Nikainua kishikio nikirudishe kwa boksi.

Kioo kikawaka!

Kumbe kishikio kisiposhikwa, mashine inalala yenyewe. Mama aliomba mpaka ikasinzia, bana!

Hapo hapo nikaunga waya wa maikrofoni ya kanisa, ile imekuwa bubu tangu Pasaka. Nikaichomeka kwa spika. Mama akaninyang'anya, soko lote likasikia:

"Barasa! Sema amina!"

Amesema.

Na nyinyi mnangoja nini?