Aliyenifundisha Kuvunja Sauti

Nimeimba muziki wa soul na blues kwa zaidi ya miaka thelathini, na siku hizi nafundisha katika ukumbi mdogo wa kanisa huku Kawangware. Kila mwanafunzi mpya huniomba nimwonyeshe namna ya kuvunja sauti. Usiogope, humwambia, utaiweza. Panda na sauti mpaka juu, kisha iache ijikwae, kama mtu aliyeteleza kwenye tope akajishika kabla hajaanguka. Pumzi itoke kiunoni, si kooni. Wengi huipata kwa wiki mbili tatu. Kigumu kwangu ni wanapouliza mimi nilifunzwa na nani.

Mamangu aliuza omena, wale dagaa wadogo, kwenye kibanda mtaani Sarang'ombe. Kwetu, watu wa ziwani, huingii kwenye matanga kimya kimya. Unaanza kulia ungali njiani, unamwita marehemu kwa majina yake ya sifa, ili wafiwa wakusikie kabla hawajakuona. Mama alikuwa hodari wa kilio hicho, hata majirani walimwomba atangulie, wao wafuate. Utotoni nilienda nyuma yake nimeshika leso yake, nikiisikia sauti ikipanda, ikivunjika, ikijiokota. Nilipoanza kuimba hotelini, wageni walisema nina sauti ya Marekani. Niliipenda sifa hiyo. Sikutaka wajue kwamba imetoka matangani, kwa mwanamke anayenuka samaki.

Miaka michache iliyopita nilialikwa redioni. Mtangazaji, kijana mchangamfu, akaniuliza kwa heshima ya vijana wa mjini, "Mathe, hii sauti ulifunzwa na nani?"

"Santuri za Marekani," nikajibu. "Nyumbani kwetu hakukuwa na mtu wa kuimba."

Nilisema kwa wepesi, kama mtu aliyeulizwa saa. Sikujua kwamba asubuhi hiyo mama alikuwa amebeba redio yake hadi kibandani, akawaita wanawake wenzake wote waje kunisikiliza.

Kesho yake nilipoenda kumsalimia, muuza mboga za sukuma wa kibanda cha pili ndiye aliyeniona kwanza.

"Haiya! Mtoto wa santuri amefika!" Akapiga makofi. "Hebu tuambie, ulinyonya santuri ama ulinyonya huyu?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Alikuwa anapepeta omena kwenye ungo, na hakuacha.

"Wachaneni na yeye," alisema. "Ametoka mbali. Mpeni kiti."

Afadhali angenitukana. Nilikaa kwenye kile kiti, nikatafuta neno la kuomba msamaha, nikaishia kuomba omena za kupeleka nyumbani. Akanifungia nyingi.

Mtangazaji yule alinialika tena mara mbili. Mara ya kwanza nilisema nina mafua. Mara ya pili nilienda, na nilipoona lile swali linakaribia, nikaanza kuimba. Akafurahi sana. Hakujua nimekimbia.

Mwaka jana nilialikwa kuimba mtaani Soweto East, si mbali na kibanda cha mama, mchana, kwenye uwanja ulio kati ya magorofa. Mama aliketi mstari wa mbele pamoja na majirani zake. Baada ya wimbo wa kwanza nilishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Huyu mama mnamwona," nikasema. "Huyu ndiye mwalimu wangu. Hii sauti yote ni kilio chake."

Watu wakashangilia. Muuza sukuma akapiga vigelegele mpaka akakohoa. Nilimaliza nyimbo zilizobaki nikijihisi mwepesi, nikashuka jukwaani kama mtu aliyetua mzigo.

Mama akanivuta karibu, mdomo wake sikioni mwangu.

"Asante, mwanangu," alisema. "Lakini hawa wote wamenisikia nikilia miaka nenda miaka rudi. Hapa hakuna hata mmoja uliyemdanganya. Uliowadanganya wako kule redioni."

Alisema taratibu, bila hasira, kama mimi ninavyomsahihisha mwanafunzi. Nilimshika mkono, tukaanza kutafuta njia kati ya viti.