Chai Niliyoimeza Ramadhani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo ulimi wangu huikumbuka kabla ya kichwa. Kila mwezi wa Ramadhani ukiandama, kabla sijafikiria futari wala tarawehe, nahisi mdomoni ladha ya chai ya kiangazi, chai niliyoinywa ujanani mchana kweupe nikiwa nimefunga. Juzi ulinipigia simu ukanilalamikia kwamba huko ulikopata kazi hakuna Mwislamu mwenzako, adhana husikii, na hakuna hata mtu mmoja anayejua kama umefunga au umekula. Nilicheka kidogo, utanisamehe. Sikuicheka shida yako. Nilicheka kwa sababu nami nilipita hapo hapo, na jinsi nilivyopita ni aibu ambayo hata mama yako sijamsimulia.

Unajua kwamba nilikuwa mwonjaji wa chai. Mlipokuwa wadogo mlidhani nawatania, baba gani analipwa kwa kunywa chai? Lakini ulimi huu ndio uliowalisha. Katikati ya miaka ya tisini niliondoka kwetu Mumias, kijana mwenye ndevu chache na majivuno mengi, nikaajiriwa katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Merigi, huko Bomet. Kazi ilikuwa hivi: kila saa majani yakitoka kwenye mashine ya kukaushia, tunapima kidogo, tunayamwagia maji ya moto, tunapanga vikombe juu ya meza ndefu kando ya dirisha. Unachota kijiko, unaivuta chai kwa kishindo mpaka ifike nyuma ya ulimi, unaisikiliza, halafu unaitema kwenye ndoo. Humezi. Anayemeza kila kikombe hurudi nyumbani mikono ikitetemeka.

Mkubwa wangu mle chumbani alikuwa Bwana Ochieng', mtu wa huko ziwani, Mkristo, mpole, mwenye tumbo lililotangulia mbele yake. Ramadhani ilipokaribia aliniita pembeni.

"Omera," akasema, yaani ndugu kwa Kijaluo, "mwezi hii wewe shika birika tu. Panga vikombe. Kuonja wachia mimi. Hakuna mtu atakuuliza."

Nilianza kukosea hapo, mwanangu, kabla hata ya chai yenyewe. Mtu wa dini nyingine ameniondolea mtihani kwa heshima zake zote, nami nikamjibu kifua mbele kwamba dini yangu inaniruhusu kuonja mradi nisimeze. Ilikuwa kweli nusu. Mwenye haja, kama mpishi, huruhusiwa kuonja na kutema, lakini haja yangu ilikuwa imeshaondolewa. Nilichotaka ni kuonekana. Na nikaonekana! Wafanyakazi wa mashine walikuja kuchungulia mlangoni, wakaambizana, "Huyu ndio ule Muislamu anaweka chai kwa mdomo na hamezi." Nikawa natema kwa madaha. Nikitoka nje niliacha midomo ikauke makusudi, ili hata asiyeniuliza aone. Zile siku za mwanzo nilifunga hivyo, nikishiba macho ya watu.

Sasa nikupeleke kwa Kogo, kwa maana yeye ndiye ninayemkumbuka, chai ni kisingizio.

Kogo kwa Kipsigis ni nyanya. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye masikio yaliyotobolewa ya wanawake wa zamani, na alinipangisha chumba kimoja uani kwake. Mali yake ilikuwa ng'ombe mmoja, kishamba cha majani chai, na benchi la mbao lililoegemea ukuta wa jikoni. Jumapili alikwenda kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Hakuwahi kuishi na Mwislamu, kwa hiyo siku ya kwanza ya saumu alinihoji kama askari.

"Hata maji?"

"Hata maji, Kogo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jua litue."

Akalitazama jua, akanitazama mimi, akasema, "Woi, weri," yaani maskini kijana, akaenda zake. Jioni hiyo nilimkuta kwenye benchi akiwa na kibuyu cha mursik, yale maziwa lala ya kwao yanayokaa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti. Tende hazikupatikana Merigi. Nilikuwa na karatasi ya nyakati za sala niliyopewa msikitini Kericho, na saa ya mkononi. Kogo aliishika saa ile kwa macho.

"Saa yako imekubali?" akaniuliza.

"Imekubali, Kogo."

Ndipo akamimina. Nikaomba dua, nikanywa, naye akanywa baada yangu. Kutoka siku hiyo kila jioni ilikuwa vivyo hivyo: benchi, kibuyu, lile swali la saa, na yeye kungoja mpaka nimeze funda la kwanza. Nilidhani ni adabu ya mwenyeji. Ulikuwa mwanzo wa mwaka, kiangazi kikali, nyasi zimekuwa kahawia, na ng'ombe wake alitoa maziwa ya kujaza sufuria ndogo tu. Sikujiuliza hata siku moja yale ya kibuyuni yanatoka kwenye fungu la nani.

Ile siku yenyewe ilikuwa baada ya Ramadhani kufika kama ishirini. Ujue kwamba chai ya kiangazi ndiyo chai bora. Majani hukua polepole kwa jua la mchana na baridi ya alfajiri, na ukiyatia maji yanatoa rangi ya shaba na harufu ya kumsimamisha mtu. Adhuhuri mashine moja ikakwama, Bwana Ochieng' akaitwa, na kila mtu akakimbilia huko kutazama. Nikabaki peke yangu na vikombe vinane.

Sitakudanganya kwamba nilizidiwa na kiu. Kiu ilikuwa ile ile ya jana. Nilivuta kijiko cha kwanza, nikageuka kutazama mlangoni kama kawaida yangu, nione nani ananitazama nikitema. Hapakuwa na mtu. Nikatazama dirishani. Hapakuwa na mtu. Basi nikameza. Mwanangu, sikufikiri lolote. Halafu nikainua kikombe chenyewe, nikakinywa chote, na cha pili nusu, kisha nikavimiminia chai mpya visionekane vimepungua. Bwana Ochieng' alirudi akipangusa jasho, akaniuliza ile ya tatu naionaje. Nikachota, nikavuta, nikatema kwenye ndoo mbele yake kwa madaha yangu yale yale.

Jioni nilitembea kwenda nyumbani nikijiambia kwamba hakuna aliyeumia. Nilimkuta Kogo kwenye benchi.

"Saa yako imekubali?"

"Imekubali, Kogo."

Akamimina, akanipa kwa mikono miwili, nami nikapokea kwa mikono miwili. Nikaanza dua. Unaijua ile dua, inaanza kwa kumwambia Mola kwamba kwa ajili yako nimefunga. Ulimi wangu, uliokuwa ukijua kutofautisha chai ya bonde moja na ya bonde la pili, ukakataa. Nikaanza tena, ukakataa tena. Kogo akangoja. Kikombe chake kilikuwa kimejaa mapajani, hajakigusa. Nikauinua uso wangu nikaona midomo yake. Ilikuwa imekauka, imepasuka katikati, na kona zake nyeupe. Midomo ile naijua. Ni ile niliyokuwa nikiitengeneza mimi nikitoka kiwandani.

"Kogo, umekula nini leo?"

"Nitakula tu. Wewe kunywa."

"Asubuhi ulikula nini?"

Akaona haya, akatazama ng'ombe wake. "Nitapika aje kimyet, hii ugali yetu, mchana, moshi na harufu iingie kwa nyumba yako, na wewe uko na njaa? Nilianza kuwacha kupika. Halafu nikaona hata chai ni vibaya kunywa peke yangu. Tangu ile siku ya kwanza nakula na wewe tu, jioni."

Siku ishirini, mwanangu. Mwanamke mzee, peke yake uani, hakuna aliyemwamuru, hakuna aliyemchungulia mlangoni, na hakumwambia mtu. Wala hakuniambia mimi! Mimi nilikuwa na kiwanda kizima cha mashahidi.

Nikakiweka kikombe chini nikamwambia yote. Nilijua naweza kumpoteza palepale. Katika nchi ile yote sikuwa na mtu mwingine aliyejua nimerudi au sijarudi, na kumwambia kwamba amekaa na njaa akimsindikiza mwongo kulinipa hofu kuliko kufukuzwa kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua kikombe chake akanywa, polepole, kwa mara ya kwanza bila kuningoja. Akapangusa midomo kwa kiganja.

"Mimi sijui kitabu yenu," akasema. "Lakini niambie kitu moja, weri. Huyo Mungu unafungia, leo alikuwa na wewe huko kwa fakitori, ama alibaki hapa na mimi?"

Nililia pale kwenye benchi, na sioni aibu kukuambia. Aliniacha nilie kwa muda alioona unatosha, halafu akakisukuma kikombe changu kwangu.

"Kunywa. Maziwa sio mshahara ya kufunga. Kesho saa yako ikikubali, niite."

Asubuhi nilimwomba Bwana Ochieng' radhi nikashika birika. Alitabasamu akachukua kijiko. Kogo nilimsihi ale mchana, akaniahidi, na sikuamini ahadi yake hata kidogo. Ijumaa nilikwenda Kericho nikamweleza shehe. Hakunipunguzia. Aliniambia kuifungua saumu makusudi bila udhuru ni dhambi kubwa, nitubu kwa kweli, na baada ya Idi nilipe ile siku.

Nililipa siku hiyo katika Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, wakati hakuna aliyekuwa akifunga. Sikumwambia Bwana Ochieng'. Nilipaka mafuta midomo. Nilicheka na watu, nikabeba birika, nikarudi nyumbani jua likiwa linashuka. Kogo alikuwa upande wa pili wa ua anakamua, namsikia akimsemesha ng'ombe wake. Saa yangu ikakubali. Loo, nilivyotamani kumwita! Neno moja tu lingetosha, angeacha ndoo akaja na kibuyu. Lakini siku ile nilitaka saumu moja ambayo haina jicho la mtu, hata jicho lake. Nikaingia chumbani, nikafungua kwa maji ya mtungi, na ile dua ikatoka yote bila kukwama. Katika kuonja kwangu kote maishani sijapata ladha kama ya maji yale.

Baadaye mwaka huo nilihamishwa kwenda kiwanda kingine, mbali. Nilikusudia kurudi Merigi kumsalimia, na kila nikipanga, kazi inanibana. Nilipofika mwishowe nilikuta ng'ombe wa watu wengine uani na benchi halipo. Alikuwa amezikwa miezi mitatu nyuma. Alikufa bila kujua kwamba siku ile nililipa, na mambo yake namwachia Mola aliyemuona alipokuwa peke yake. Ninachojua ni kwamba jioni za Ramadhani, hata mezani pakiwa na sambusa na tende na nyinyi wote mmenizunguka, sikio langu hungoja mtu aniulize kama saa yangu imekubali.

Basi nasaha yangu ni hii. Usihuzunike kwamba hakuna anayejua umefunga. Tumeandikiwa saumu ili tupate kumcha Mungu, na tumefundishwa kwamba Yeye ameifanya kuwa yake Mwenyewe na malipo yake anayajua Yeye. Sala huonekana, zaka huonekana, hija watu hukusindikiza. Saumu ni wewe na Yeye, ukiwa umefunga mlango na maji yako mezani. Mtu akikupunguzia mzigo kwa heshima, pokea, ushukuru. Ukianguka, usikae chini, tubu ulipe. Na mchunguze jirani yako asiye wa dini yako, huenda anajinyima kwa ajili yako na wewe hujui. Mwulize mapema, usichelewe nilivyochelewa.

Mwenyezi Mungu akukubalie saumu zako, akutilie nuru katika upweke huo, akupe wa kukungojea na moyo wa kumngojea mwingine. Jioni ya leo jua likizama huko uliko, kaa mahali, tazama saa yako, omba dua yako kwa sauti. Mimi niko hapa kibarazani na kikombe changu cha maziwa. Ikikubali, nipigie, nami sitakunywa kabla yako.